Sheria ya Tumbo ya Wath Ondago

Ken aliporudi kutoka Nairobi na vizimba vyake vya samaki, alituambia amekuja kulipumzisha ziwa. Ndivyo alivyosema, mbele ya wavuvi wote wa ufuo wetu wa Wath Ondago, akiwa amevaa viatu vyeupe kwenye matope. Ziwa limechoka, alisema, mmelivua tangu enzi za babu zenu. Sasa samaki watafugwa vizimbani kama kuku, na wale wa nje wataachwa wazaane kwa raha zao. Tukampigia makofi. Mikono yangu ilikuwa na magamba ya samaki wa asubuhi, wale ngege wetu, kwa hiyo mengine yalimrukia kwenye shati.

Naitwa Dolphine, lakini hapa Homa Bay hakuna mwenye haja na jina hilo. Kwetu ni Karungu, upande wa Migori, basi mume wangu na mama yake huniita Nyar Karungu, binti wa Karungu, na nadhani ndivyo watakavyoandika kwenye msalaba wangu. Kazi yangu ni kupasua samaki, kuwakaanga na kuwauza. Mume wangu Maranga ndiye anayewavua. Mama mkwe wangu, Orpah, ndiye anayewahukumu. Huyo mama ni Msabato asiyeyumba, na hamezi tonge la samaki kabla hajatoa wasifu wa marehemu: huyu alikula matope, huyu alikuwa mvivu, huyu ametoka upande wa kisiwa cha Mfangano kwenye maji safi. Chakula kikiiva hugonga kifuniko cha sufuria kwa mwiko, na ole wako uchelewe.

Vizimba vikatiwa kwenye kona ya ghuba, penye matete na maji yaliyotulia, ambapo ngege wamekuwa wakizaa tangu ziwa liwe ziwa. Maranga alimwambia Ken, kwa heshima zote, kwamba hapo ni wodi ya wazazi. Ken akajibu kwamba wataalamu walipima kwa kompyuta, na kompyuta ilipapenda kwa sababu ni karibu na barabara.

Miezi ikapita, na samaki wa ziwa hawakuzaana kwa raha zao. Walihamia kwa Ken. Chakula cha vizimbani huja kwa magunia, tembe ndogo za rangi ya kahawia, na mlishaji hugonga debe kwanza ndipo azimwage. Nusu huliwa na wa ndani, nusu hupenya kwenye matundu ya wavu na kuwashukia wa nje. Ngege wa nje walilijua lile debe upesi kuliko watoto wanavyoijua kengele ya kutoka shule. Kwingine kote ghubani ukitupa wavu ulivuta magugu na chupa za soda. Lakini kando ya vizimba, debe likilia, maji yalichemka kwa samaki.

Sasa mvuvi afanyeje, akavulie kanisani? Maranga hana injini, ana makasia na mabega yake tu, hawezi kufika Mfangano na kurudi. Alitupa wavu nje ya maboya ya Ken, mahali ambapo baba yake alitupa na babu yake alitupa, akarudi na ngege wanono ambao hatujawahi kuwaona. Nilipowapasua, mafuta yalikuwa yamewajaa tumboni. Nikampikia Orpah mmoja. Akaonja, akakunja uso.

"Nyar Karungu, hii samaki umeipika na nini?"

"Na chumvi, mama. Na nyanya."

"Mbona ni kama nakula kuku?"

Lakini akammaliza mpaka mkia. Akasema Musa aliandika habari za mapezi na magamba tu, habari za tembe hakuziandika.

Furaha yetu haikudumu. Asubuhi moja walinzi wa Ken walimvamia Maranga kwa boti yenye injini, wakamburuta ufuoni na wavu wake umejaa. Mwenyekiti wa kamati ya ufuo, ambaye mwanawe alikuwa ameajiriwa kugonga debe, akaifunga mashua yetu kwa mnyororo na kufuli. Samaki wakalazwa kwenye barafu ya Ken kama ushahidi. Mashua hiyo ina jina la Orpah ubavuni, kwa rangi nyekundu, na mama mkwe wangu alipoona jina lake limezungushiwa mnyororo alikaa chini kwenye mchanga akapiga yowe kana kwamba amefungwa yeye.

Mimi sikupiga yowe. Nilifanya hesabu ya maisha yangu na ikawa fupi: bila mashua hakuna samaki, bila samaki hakuna kikaango, bila kikaango mimi na Maranga ni watu wa kuomba chumvi kwa majirani. Tulikuwa tumeuza ng'ombe kununua mbao za ile mashua. Hatukuwa na ng'ombe wengine.

Kesi ikapelekwa barazani kwa afisa wa serikali ambaye sisi huku bado tunamwita DO. Jina lake Matiko, Mkuria wa Kegonga, na nisimsingizie, alikuwa mtu wa haki. Hakula hongo, hakupendelea, hakukopa samaki. Tatizo lake lilikuwa moja tu. Maisha yake yote alikuwa ameamua kesi za ng'ombe, na aliziamua vizuri mno, kiasi kwamba hakuona sababu ya kujifunza mnyama mwingine.

Ken ndiye aliyeanza, na tabasamu lake la semina.

"Mheshimiwa, mimi naleta chakula kwa lori. Nusu inakuliwa na samaki yangu, nusu inatoka nje kwa keji, inakuliwa na hizi zingine. Hizi za nje zimenona kushinda za ndani! Hazilipi kitu. Sasa huyu mzee anakuja anavua investment yangu."

"Samaki ya ziwa ni ya nani?" Maranga akauliza. "Omera, ndugu yangu Ken, wewe ulizaliwa hapa. Tangu lini samaki ya ziwa ikawa na mwenyewe?"

"Tangu ianze kukula kwangu."

DO akainua mkono. Alikuwa anafikiri, na akifikiri hutazama mbali kama anayetafuta ng'ombe aliyebaki nyuma.

"Wazee, nyinyi niambieni. Ndama ya mtu imeingia kwa boma yako. Hujui ni ya nani. Inakula majani yako, inakunywa maji yako, inanenepa. Hiyo unono ni ya nani?"

"Ya mwenye majani," wakajibu wazee, maana hata sisi Wajaluo ng'ombe tunawajua. Nikawatazama wale wazee nikatamani kuwapiga na mfuko wa samaki.

Maranga alisimama tena. "Mheshimiwa, na hiyo chakula ya Ken imetengenezwa na nini? Omena! Wanasaga dagaa ya ziwa hii hii wanatia kwa gunia. Mimi nimewauzia omena kwa mikono yangu. Basi kama ni kudai, mimi pia nadai. Samaki yake yote imekula omena yangu."

Watu wakanguruma. Hoja ilikuwa nzito, na kwa kitambo nilidhani tumeshinda. DO akatafakari, akatikisa kichwa polepole.

"Ng'ombe ikikula nyasi," akasema, "nyasi inaweza kwenda korti?"

Baraza zima likacheka, hata waliokuwa upande wetu. Hapo ndipo mama mkwe wangu aliposimama, akajifunga leso kiunoni. Mimi nikafumba macho.

"Bwana DO, mimi ni mama ya huyu. Samaki ya mwanangu ni ya Mungu na ya ziwa. Kama mnabisha, pasueni tumbo! Ikipatikana chakula ya Ken, achukue samaki. Isipopatikana, afungue mashua yangu sasa hivi."

Bwana Matiko akafurahi mpaka akapiga meza. Kwao Kegonga hakuna aliyewahi kufikiria kumpasua ng'ombe ili ajulikane ni wa nani, na ukweli ni kwamba kwa ng'ombe ingekuwa hasara. Akauliza nani ana kisu. Kila mtu akanitazama mimi.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Wangekuwepo siku ile wangebadilisha maneno. Samaki wakatolewa kwenye barafu, nikamweka wa kwanza juu ya meza ya serikali, nikampasua. Ukamwagika uji wa kahawia, na katikati ya ule uji tembe mbili tatu ambazo hazijayeyuka bado. Ken akazinyanyua kwa vidole akazionyesha watu, kama padri na hostia.

"Huyo mmoja alikuwa mwizi," Orpah akasema. "Pasua mwingine."

Nikapasua mwingine. Mwizi. Nikapasua mwingine, mwizi vilevile. Jasho lilinitoka. Kila nilipotia kisu niliomba nione lile tope la kijani ambalo ngege hula tangu zamani, na kila mara nilikuta chakula cha gunia. Ilikuwa kama nampasua mume wangu mbele ya watu. Karibu na mwisho nikampata mdogo mmoja, mwembamba, tumbo lake kijani kitupu.

"Ndiyo huyo!" Orpah akapiga kelele. "Yawa, si niliwaambia!"

Hukumu ikatolewa. Samaki yeyote atakayekutwa na chakula cha Ken tumboni ni wa Ken. Asiyekutwa nacho ni wa mvuvi aliyemvua. Mashua ibaki na mnyororo mpaka Maranga aape kwamba hatatupa tena wavu katika ghuba. Maranga akasema hawezi kuapa kiapo cha namna hiyo, kwa kuwa ghuba ndiyo shamba lake pekee. DO akasema anamheshimu kwa ukweli wake, na mashua ikabaki palepale. Tukarudi nyumbani na ngege wetu mmoja. Orpah alimla akimsifu mpaka mwiba wa mwisho.

Sheria ya tumbo ikaanza kazi. Chini ya mabati ya ufuo ikawekwa meza, na kila mvuvi aliyeshuka alipasuliwa samaki wake mbele ya mwenyekiti. Wenye tembe kwa Ken, wenye tope kwa mvuvi. Baada ya muda Ken alikuwa anapata samaki wengi mezani kuliko vizimbani, bila kushika wavu. Akahojiwa na redio akaeleza jinsi uzalishaji wake ulivyopanda. Akatuwekea na bango kubwa barabarani: TUNALIPUMZISHA ZIWA. Maranga akawa anakaa kando ya mashua yake kila siku, anaiziba nyufa za jua, anaimwagia maji isipasuke mbao. Nilimwona akizungumza nayo. Sikumuuliza wanazungumza nini, nilikuwa na uchungu wangu wa kutosha.

Halafu ziwa likageuka.

Watu wa ufuoni wanajua jambo hilo. Upepo wa baridi huvuma mfululizo, maji ya chini hupanda juu, meusi, yananuka kama mayai viza, na samaki hukosa pumzi. Zamani lilipotokea, ngege walikimbilia mbali kwenye maji mazuri, kwa sababu walikuwa wametawanyika na kila mmoja alikuwa na njia yake. Safari hii wote walikuwa wamejazana mahali pamoja wakingojea debe. Na chini ya vizimba, mavi na masazo ya chakula yalikuwa yamerundikana kama jalala, yakaoza yote kwa pamoja.

Asubuhi ufuo ulikuwa mweupe kwa matumbo. Walikufa wa ndani, wakafa wa nje, na wa nje ndio walikuwa wengi zaidi. Mbwa walikula wakachoka. Makorongo walikula wakashindwa kuruka. Harufu ilipanda mpaka barabarani, ikalifunika hata lile bango.

Ken akaja, safari hii na gambuti. DO akaja na leso puani. Akauliza swali la kila mara: hawa ni wa nani?

"Mheshimiwa, wale wa ndani ya keji ni wangu, nitazika," Ken akasema, na sauti yake ilikuwa imenyong'onyea. "Lakini hizi za nje ni za ziwa. Ni za public. Wanakijiji wasaidie kusafisha, hii ni mazingira yetu sote."

Sikungoja kuulizwa kama nina kisu. Kilikuwa kiunoni. Nikamwokota mmoja kutoka miguuni pa Ken, nikampasua juu ya gambuti lake.

"Bwana DO, sheria ni yako. Angalia mwenyewe."

Tembe. Nikaokota mwingine. Tembe. Orpah naye akawa ananiletea kwa leso yake, akiwahesabu kwa sauti kama sadaka: "Wa Ken! Wa Ken! Huyu pia wa Ken, ametoka mbali kidogo, lakini ni wa Ken!" Sijawahi kufurahi namna ile mahali penye uvundo namna ile. Nilicheka mpaka machozi, na watu wakacheka, na hata mwenyekiti akageuka pembeni mabega yakimtikisika.

Bwana Matiko hakucheka. Nilikwisha sema, alikuwa mtu wa haki.

"Kwetu," akamwambia Ken, "ng'ombe yako ikifia kwa njia ya watu, hatuulizi ilikuwa inaenda wapi. Unaiondoa."

Basi Ken akawa na mizoga ya ghuba nzima na hana vyombo vya kuibebea. Alihitaji kila mashua iliyoelea. Kabla jua halijakuwa kali mnyororo ulikuwa umefunguliwa, na Maranga akaisukuma mashua yake majini kwa mara ya kwanza tangu hukumu. Orpah akaimba wimbo wa kanisani. Mimi nikapiga kigelegele kilichofika Asumbi kwa masista. Tumeshinda, nilisema. Nililisema neno hilo kwa sauti.

Nikaenda naye kuzika. Tulikuwa tunamwaga samaki shimoni kwa majembe, na Maranga alikuwa ananisaidia vizuri tu, mara akaacha. Alikuwa ameokota jike mmoja, amemfungua mdomo kwa kidole gumba. Ndani ulikuwa umejaa vitoto, vidogo kama punje za mtama, vimekufa vyote. Ngege jike hulea watoto wake mdomoni, na siku zote anazowabeba hali kitu, asije akawameza. Maranga akanipa nimpasue. Nikampasua. Tumbo lilikuwa tupu kabisa, halina tembe wala tope.

"Huyu si wa Ken," Maranga akasema.

Akaanza kuwatafuta. Alipita ufuo mzima ameinama, akifungua midomo, na kila aliyemkuta na watoto alimweka kando. Walikuwa wengi. Sheria iliangalia tumbo, na kwa sheria hiyo hawa walikuwa wetu, mali halali ya mvuvi, akina mama wa samaki ambao tungewavua mwakani na mwaka unaofuata. Akachimba shimo lao peke yao, mbali na la Ken. Hakulia. Mimi nililia, sioni haya kusema, nilimlilia samaki kama nimefiwa.

Ghuba ikakaa kimya. Hakuna aliyeirudishia mashua mnyororo; Maranga alitupa wavu kila siku, akavuta maji. Ken naye hakukaa sana. Alienda Nairobi na picha za mizoga, watu wa huko wakamhurumia, akarudi na vifaranga vipya vya ngege, magunia mapya, na bango jipya lenye maneno marefu zaidi. Akahitaji mlishaji mwenye mashua yake, anayeyajua maji vizuri. Kijana wa mwenyekiti alikuwa ameshachoka.

Maranga hakuniambia. Nilikuwa nasugua kikaango kisicho na kazi, nikasikia debe linalia upande wa vizimba, na mpigo wake ulikuwa wa mkono ninaoujua. Nikatoka nje. Mashua yenye jina jekundu ilikuwa inazunguka vizimba, mume wangu amesimama katikati ya magunia, na huku nje ya wavu maji yalikuwa yanaanza kuchemka kidogo kidogo. Walionusurika walikuwa wamesikia.

Mchana ule Orpah aligonga kifuniko cha sufuria, tukaja. Kulikuwa na ugali wa unga mweupe wa dukani, nyama, na mboga iliyokaangwa kwa mafuta mengi, vyote kwa pesa ya Ken. Hatujala hivyo tangu mashua ifungwe. Orpah aliomba baraka fupi, akaanza bila kutoa wasifu wa chochote. Maranga alikata tonge kubwa.

"Kula, Nyar Karungu," akasema bila kuinua uso. "Itapoa."

Nilikuwa na njaa, tena njaa ya kweli. Nikaitazama ile sahani, nikamkumbuka Bwana Matiko na meza yake. Leo akipita hapa na kisu, nikawaza, atatugawa vipi? Nikaisukuma sahani katikati ya meza.

"Sina njaa," nikasema.

Maranga akaacha kutafuna. Akanitazama tumboni, kisha mdomoni, kwa muda mrefu, kama alivyowatazama wale majike siku ya mazishi. Alijua kwa nini sili. Kwa sheria ya tumbo, mimi peke yangu pale mezani ndiye niliyekuwa bado wake.

Akafuta mikono. Saa ya kulisha ilikuwa imefika, akachukua debe akatoka.